Fimbo Mbili na Maji ya Pampu Moja

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku kubwa! Bosi ametangaza kwamba chumba cha leza kitapata msimamizi. Atamchagua Ijumaa, wateja wakishaona mashine ikikata bamba nene la chuma. Tunaogombea ni wawili: mimi na Miwani, fundi mwenzangu. Ana sauti ya upole na anafuta kila kioo anachokutana nacho. Ananikera mno.

Nimempigia mke wangu simu nikamwambia cheo nimeshapata. Najua, najua. Lakini si nitakipata tu? Amepiga vigelegele mpaka sikio likaniuma.

Jumanne, tarehe 4

Balaa! Mke wangu kamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Ijumaa kunipongeza, na eti atapitia kazini kwanza anione kwenye kiti changu. Kiti gani, jamani!

Kazini nako moto, moto wenyewe. Mwale wa leza hupita ndani ya fimbo mbili za fuwele, moja baada ya nyingine. Tukiongeza nguvu, fimbo zinachemka katikati huku pembeni zikiwa baridi, na mwanga unavurugika humo ndani. Unaingia ukitikisika wima, unatoka sehemu yake imelala ubavu. Kioo cha mwisho hakitaki mwanga uliolala, kinautupa kando. Basi nguvu inapotea, na badala ya kuchoma tundu la duara kwenye kadi ya majaribio, mwale unachoma msalaba.

Bosi amegawa kazi. Fimbo ya kwanza yangu, ya pili ya Miwani, kila mtu na bomba lake la maji ya kupozea. Wazo likanijia hapo hapo! Nimecheka peke yangu hadi mlinzi akauliza kama naumwa.

Jumatano, tarehe 5

Mpango: fimbo yangu iwe baridi kuliko yake. Ijumaa Bosi ataona nani fundi! Miwani alipokwenda kunywa chai nimefungua valvu yangu hadi mwisho. Pampu ni moja, kwa hiyo bomba lake limebaki likitiririka kinyonge. Hayo ni maji, si mimi.

Amerudi na kipande kidogo cha fuwele ndani ya kitambaa, kakibeba kama yai. Anataka kukiweka katikati ya fimbo zetu. Eti kinaugeuza mwanga robo mzunguko, ili kile kilichosokotwa na fimbo ya kwanza kifumuliwe na ya pili. Bosi akasema wazo zuri. Nami nikasema wazo zuri, kwa sauti kubwa zaidi. Miwani akaongeza jambo, sikulisikia. Nilikuwa nakitazama kipimajoto changu. Baridi safi!

Alhamisi, tarehe 6

Majaribio, kipande cha Miwani kikiwa katikati. Msalaba! Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bosi akamuuliza amekosea wapi. Akajibu kwamba hajui. Nilimwonea huruma kidogo. Ikapita.

Kipimajoto sijamwonyesha mtu. Hicho ni cha kesho, mbele ya wateja. Nimenunua na koti la usimamizi!

Ijumaa, tarehe 7

Wateja wamefika. Mama mkwe naye, miwani ya kinga usoni, mkoba mapajani. Koti nikalitundika mahali litakapoonekana vizuri, juu ya sanduku la chuma linalopokea mwanga uliotupwa. Leza ikawashwa. Bamba likachubuka tu! Mwanga mwingi ukaishia sandukuni, sanduku likapata moto, na wa kwanza kusikia harufu ni mama mkwe. Akauliza kwa utaratibu kama koti hilo linalofuka moshi lina mwenyewe.

Nikapaniki. Nikainua kipimajoto juu, nikapaza sauti kwamba tatizo si langu, fimbo yangu ni baridi kuliko ya Miwani!

Bosi akauliza imekuwaje. Miwani akarudia yale ya Jumatano, kwamba dawa yake, kile kipande cha fuwele, inafanya kazi fimbo zikiwa na joto sawa tu. La sivyo, ya pili haiwezi kufumua ya kwanza. Bosi akalifuata bomba kwa kidole hadi kwenye valvu yangu. Akairudisha taratibu. Tukasubiri. Akawasha tena.

Duara! Chuma kinene kikakatika, wateja wakashangilia. Hata mimi nilipiga makofi, siwezi kukataa, ilipendeza. Mama mkwe akamuuliza Bosi yule kijana mwenye miwani ni nani. Akajibiwa kwamba ndiye msimamizi mpya.

Mama mkwe akanigeukia. Akalichukua lile koti, akalikunja.

Jumamosi, tarehe 8

Mke wangu hakunifokea. Alicheka, na hiyo ni mbaya zaidi. Mama mkwe ameliweka koti sebuleni, upande ulioungua ukitazama mlango. Nimeona haya, kweli kabisa.

Jumatatu, tarehe 10

Sikufukuzwa! Miwani mwenyewe aliniombea kwa Bosi, na sasa tumepewa ofisi moja. Nimemwomba radhi kwa moyo wote. Akanipa mkono. Nilikaribia kulia.

Na nimeelewa! Fimbo mbili zikipata joto sawa na maji sawa, kila moja inarekebisha kasoro ya mwenzake. Somo zuri ajabu, nimeliandika ukutani kwa herufi kubwa.

Ofisi ina joto balaa. Feni ni moja, imewekwa katikati, inatupuliza sote wawili sawasawa.

Akienda kunywa chai, naigeuza upande wangu.