Tunaomba Treni Zenu Zisubiri Kamati Yetu Imalize Vikao

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Treni za Abiria, nchi jirani.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kuhusu: Treni zenu kuondoka bila sisi

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na treni zako zote. Sisi huku hatujambo, ukiacha hayo nitakayoyaeleza hapa chini.

Mimi ni ofisa mipango mstaafu. Utumishi wangu wote niliumalizia ofisi moja, meza moja, dirisha likitazama maegesho ya magari, nikipanga barabara, visima na masoko. Najivunia kusema kwamba hakuna mpango wangu hata mmoja uliowahi kuonekana na kasoro, maana hakuna uliowahi kutekelezwa. Nilipostaafu, mke wangu, ambaye alikuwa mkunga na amezoea mambo yanayokuja yenyewe bila kikao, aliniomba kitu kimoja tu: tuvuke mpaka, tupande ile treni yenu ya polepole inayosimama kila kituo, tupite kwenye miji yenu midogo, tushuke tunapopenda, tulale tunapochokea, turudi tukitosheka. Akatia nguo zake kwenye begi dogo la kijani, akaliweka nyuma ya mlango wa sebule. Nikamwambia asiwe na shaka, suala lake liko kwenye mikono salama. Nikaunda kamati.

Hapo ndipo makosa yenu yalipoanza kujitokeza. Nayataja kwa heshima zote.

1. Treni yenu inaondoka kila asubuhi. Iliondoka siku tuliyomchagua mwenyekiti (mimi). Ikaondoka siku tuliyomchagua katibu (shemeji yangu, fundi cherehani, ana mwandiko mzuri). Ikaondoka tena wakati tunabishana kama kikao kilichopita kilikuwa kikao halali au maongezi tu, kwa vile chai ilichelewa. Katika utumishi wangu sijapata kuona chombo cha umma kinachofanya kazi bila kuwasubiri wahusika. Kama hiyo si dharau, basi sijui dharau ni nini.

2. Kwenye miji midogo treni inasimama kidogo mno. Chukua ule mji wenye tangi la maji lililopakwa rangi ya bluu, ambao mke wangu aliuona kwenye picha akaupenda. Kamati imepiga hesabu: mtu wa umri wangu akiinuka, akatafuta viatu vyake chini ya kiti, akamwomba radhi jirani na kufika mlangoni, treni imeshaanza kutembea. Mke wangu alisema tukishuka tutangoja treni ya kesho yake, na kwamba hiyo ndiyo raha yenyewe. Hoja yake ilipokelewa, ikapelekwa kwenye kamati ndogo. Kamati ndogo bado haijaundwa.

3. Watumishi wako hawatoi taarifa. Nilimwandikia mkuu wa kituo wa huo mji wenye tangi, nikamtumia maswali ya msingi kabisa: vivutio ni vipi, benchi za kituoni ziko kivulini kuanzia saa ngapi, mgeni anapokelewa na nani, na mbwa wa hapo wana tabia gani. Akanijibu kwa maneno mawili: "Njooni tu." Nimeyasoma maneno hayo hadi macho yakauma. Njooni saa ngapi? Kwa idhini ya nani? Mke wangu alipoyasoma alicheka mpaka akashika kiti, akasema huyo ni mtu wa kuaminika, akaikunja karatasi na kuitia kwenye begi lake la kijani. Naomba mkuu huyo apewe onyo kali.

4. Mabehewa yenu hayakujengwa kwa kufikiria familia. Ni kweli safari hii ilianza ikiwa ya watu wawili. Lakini ukishasema kamati, ndugu hawakai mbali. Kaka yangu mkubwa aliingia kama mshauri. Shangazi yangu akawa mlezi, na mlezi hapandi kitu kinachokwenda mbele yeye akitazama nyuma. Jirani yetu tunayemwita Kikohozi, kwa kuwa hukohoa kila anapotaka kupinga jambo, alikuja kuazima ngazi akatoka akiwa mjumbe. Watu waliotoa mawazo yao hawawezi kuachwa nyumbani, na kila mmoja anataka dirishani. Naomba behewa ambalo viti vyake vyote ni vya dirishani na vyote vinatazama mbele. Kwa bahati mbaya, katika mgawanyo wa viti, mke wangu alikosa nafasi. Tumemweka kwenye orodha ya akiba, na katibu akamwandikia kumshukuru kwa uelewa wake. Hakuleta pingamizi lolote. Alitumiminia chai, akaondoka.

Hapa nitoke kidogo nje ya ajenda. Siku hizi mke wangu hajadili. Nikimweleza tulikofikia anasema "haya," anaendelea na kazi zake. Mheshimiwa, nimeishi na mwanamke huyu hadi tumezeeka, na hiyo "haya" yake inanitisha kuliko mkaguzi yeyote aliyepata kuingia ofisini kwangu. Nampenda, na ningependa aifanye safari yake akiwa hai na ana magoti. Ndiyo maana nakuja na ombi la tano.

5. Simamisha treni zote. Sisemi muda mrefu. Tumebakiza ajenda ya jina la kamati, kisha mengineyo. Wakati huohuo uiagize miji yako midogo isibadilike. Nimepata habari kwamba tayari kuna kituo kilichoongeza benchi, na sasa mahesabu yetu yote ya vivuli yameharibika. Pasipakwe rangi mahali. Pasihame mtu. Muuza matunda aliye kwenye picha, amembeba mtoto mgongoni, aambiwe asimshushe mpaka tufike, kwa sababu mpango mzuri hauwezi kukimbizana na watu wasiotulia.

Nisalimie madereva na makondakta wote, wafagiaji wa vituo, wauza chai wa pembeni mwa reli, mama watoto wako hapo nyumbani, na huyo mkuu wa kituo, pamoja na onyo lake.

Wako anayesubiri kusubiriwa,

Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Safari ya Polepole (jina la muda)

Nyongeza: Nilipoinuka kutafuta bahasha nikaona nyuma ya mlango hakuna begi. Tangu asubuhi nilidhani mwenzangu yuko kwa dada yake. Nikafungua droo, nikakuta pasi moja ya kusafiria, ya kwangu. Kisha simu ikalia, ujumbe wake huu: "Nimefika. Tangi ni la bluu kweli. Nimemwambia mkuu wa kituo kwamba mimi ni wa akiba, akacheka, akanisogezea kiti kivulini. Mboga iko kwenye sufuria yenye mfuniko mwekundu, usiwape kamati wakaimaliza. Nikichoka na hapa nitasogea mji wa mbele. Njoo tu."

Nimeivunja kamati. Kikohozi alikohoa, nikampa ile ngazi aliyokuja kuazima. Namba moja hadi tano uzifute zote, na onyo la yule bwana ulifute kwanza. Treni ya kesho nakuomba isimsubiri mtu yeyote, ila kama utaona mzee anakimbia na mfuko wa plastiki, maana begi nililokuwa nalitegemea limeondoka na mwenyewe. Barua hii naileta kwa mkono wangu. Ratiba yenu naijua yote, kituo kwa kituo, hadi madaraja. Nisichokijua ni tiketi inakatwa dirisha lipi. Katika vikao vyote vile hakuna aliyeuliza. Nitamuuliza mtu hapohapo stesheni.