Damu Iliyofutwa Kwenye Hesabu

Jumatatu, 5 Machi 1979

Dharau! Madaktari wamefika mtaani kupima chumvi na potasiamu katika damu. Kumbe vitabu vyao vina vipimo vya Wazungu tu, nao wanataka kujua damu ya mtu wa kawaida wa Kisangani ikoje. Watapima kila nyumba ya tano. Jirani yangu Wenceslas, fundi cherehani, ni namba kumi na tano. Mimi Kasongo, karani wa serikali miaka kumi na moja, ni kumi na nne. Eti cherehani ndiyo iwakilishe mji! (Majina ya Kizungu yamekatazwa na serikali. Lake naliandika makusudi.)

Jumanne, 6 Machi

Wenceslas alipokwenda sokoni, nimebadilisha vibao vya namba. Misumari minne, dakika tatu. Mke wangu Aziza akasema ni aibu. Nikamjibu ni uzalendo. Akakaa chini, akidai miguu haina nguvu. Wiki mbili wimbo huohuo! Na kila asubuhi anakunywa dawa ya kuendesha tumbo, ati apungue unene.

Jumatano, 7 Machi

Wanapima chumvi? Watapata chumvi! Nimekula makayabu, samaki wa chumvi, bila hata kuwaloweka. Kisha kikombe cha maji ya chumvi. Ulimi umekuwa ubao.

Alhamisi, 8 Machi

Nesi Fatouma akaniambia nilegeze mkono. Nilegee mbele ya watu? Nikafinya ngumi, nikaachia, nikafinya tena.

“Papa, acha kufinya mukono, utaharibu kipimo!”

Wivu tu. Halafu wakamtoa damu Aziza pia, kwa kuwa ni wa nyumba hiyo. Kupoteza sindano!

Jumatatu, 12 Machi

Gari la madaktari mlangoni! Mtaa mzima nje. Nimevaa abacost yangu nyeusi, suti ya heshima isiyo na tai, nimesimama wima. Wakanipita. Wakambeba Aziza.

Daktari akasema potasiamu yake imeshuka vibaya, dawa ile inaimwaga yote, na moyo ungeweza kusimama wakati wowote. Nikapanda gari bila kuulizwa, nikamshika mkono njia nzima. Hilo naliandika hapa tu.

Alipowekewa dripu na kutulia, nikamuuliza daktari kuhusu damu yangu. Akaniita “raia” kwa Kifaransa, kama sheria inavyotaka:

“Yako, citoyen? Iko na chumvi kama makayabu, na potasiamu imepanda kama ya mutu aliyekufa, sababu ya kufinya mukono. Alors, tunaifuta.”

Kunifuta mimi! Na Aziza, yuko kitandani, dripu mkononi, akaeleza yote: kikombe, makayabu, vibao. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Alhamisi, 15 Machi

Aziza amerudi anatembea. Dawa ya tumbo ameitupa chooni. Anasema nimemwokoa kwa bahati, kwa hiyo nisijisifu. Nimejisifu kwa majirani saba.

Lakini vibao vimerudishwa, na Wenceslas naye wamempima! Damu yake imeangukia katikati kabisa ya watu mia nne. Anatangaza huku akishona. Mtu wa katikati, ati ni sifa!

Ijumaa, 16 Machi

Jumatatu wanakuja madaktari wa macho, na ubao wa herufi. Karani mwenzangu amenipatia nakala ya ubao huo. Nimeshakariri mistari yote, kutoka juu hadi chini. Safari hii hakuna mtu Kisangani nzima atakayeona kunishinda, hata nikiwa nimefumba macho.