Krediti Ishirini na Saba

Haya nimeyapata kwa binti wa dada yangu, mpishi wa kantini ya chuo, Jumapili ya juzi alipokuja kunisuka. Alicheka mpaka akanivuta nywele, nami nikavumilia, maana nilitaka kusikia mwisho wake.

Pale chuoni alikuwapo kijana wakimwita Profesa. Uprofesa wenyewe ni kwamba masomo ya miaka mitatu yeye alikuwa nayo mwaka wa sita, na haraka hakuwa nayo. Chuo kwake kilikuwa kitanda. Ukiandikisha krediti kumi na mbili, yaani masomo manne, unapewa kitanda bwenini. Ukikosa kuingia somo lolote mara tatu, kitanda anapewa mwingine. Basi Profesa alikuwa na masomo yake manne ya watu mia tatu tatu, ambako rafiki anakuitikia jina na mwalimu haoni mbali. Siku zake zilipita hivyo, analala, anaamka kula.

Wanafunzi wapya walipoanza kumiminika, ukutani pakabandikwa tangazo: mwaka wa kwanza, mwisho krediti kumi na nane. Wazazi walilisoma wakanuna kama waliopunjwa sukari. Profesa alipoziona zile nyuso, moyo ukamruka. Akapiga shati pasi, akachomeka kalamu tatu mfukoni, kwa sababu kalamu moja ni ya mwanafunzi, tatu ni za mtu wa ofisi, akakaa mbele ya kompyuta ya kantini.

"Kumi na nane ni za watu hivi hivi," akawa ananong'ona. "Mimi natoa ishirini na saba. Mwanao anamaliza chuo wenzake bado wanaulizana choo kiko wapi."

Siri yake ilikuwa ndogo. Wakongwe waliobaki nyuma, kompyuta inawaruhusu kufika ishirini na saba. Profesa alifungua ukurasa wake mwenyewe, akaziba jina kwa kidole gumba, akaongeza masomo mpaka yakafika tisa mzazi akitazama, akachapa karatasi ya ratiba, ambayo haitoi jina. Mzazi akishageuka, anayafuta mapya, anabaki na manne yake. Fedha hakupokea, alisema fedha zina maneno mengi. Alipokea birika, pasi, mablanketi. Wiki moja tu, chumba chake kikawa duka.

Siku ya mwisho ikafika. Saa kumi na moja jioni uandikishaji unafungwa, na kilichomo ndicho utakachosoma muhula mzima. Saa kumi ndipo akaingia mama muuza maziwa na sanduku la bati kichwani, binti yake nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayeongeza krediti?"

"Sauti, mama, sauti!"

"Sauti yangu ni ya kuuzia maziwa, haina ndogo. Haya, mpimie huyu. Jaza mpaka juu."

"Mama, masomo hayapimwi kwa kibaba," binti akasema.

"Nyamaza, wakubwa tunaongea."

Profesa akafungua ukurasa, gumba likakaa mahali pake. Mama akavuta kiti karibu.

"Haya manne ya nini?"

"Hayo ni mepesi, mama."

"Mepesi? Nimebeba sanduku lote hili nipewe mepesi? Ondoa!"

Profesa akayaondoa. Siku ya mwisho nafasi ikiachwa haimalizi dakika, inadakwa. Lakini yeye macho yake yalikuwa kwenye sanduku.

"Lipi la alfajiri? Huyu anapenda kulala."

"Kemia ya maabara, saa moja kamili."

"Weka. Na mwalimu mkali kupita wote?"

"Wa takwimu. Anaita majina mwenyewe, na sura anaitazama."

"Huyo huyo! Weka!"

Yakatimia tisa. Karatasi ikatoka, binti akaikunja. Mkono wa Profesa ukaenda kufuta, mama akaweka mezani pasi mpya. Mkono ukarudi kupapasa pasi. Ukaenda tena, akatoa mashuka mawili, na kuyasifia uzi mmoja mmoja. Ukaenda tena, ikatoka redio. Mpishi aliiona saa ya ukutani, lakini alinyamaza kama mwiko wake. Na yeye pasi yake Profesa aliiazima, ikabaki kule chumbani.

Kioo kikaandika: UANDIKISHAJI UMEFUNGWA.

Mama akaanza kurudisha vitu sandukuni.

"Mama, mbona unafunga?"

"Nina ng'ombe wa kukamua."

"Na krediti za binti?"

"Nilijiandikisha asubuhi, kaka," binti akasema. "Masomo sita. Yananitosha."

"Sasa mlikuja kufanya nini?"

"Mwenzangu wa chumbani analala bila blanketi. Lake mama yake alikupa wewe, ndilo hilo ulilokalia."

Profesa akainua gumba. Jina lake likamtazama, na chini yake masomo tisa, hata moja la kujificha hamna.

"Mama, nihurumie!"

"Nimekuhurumia, mwanangu. Ulikuwa na manne tu."

Binti akaandika jina la Profesa juu ya ile karatasi, akaibandika kwenye ubao wa matangazo, saa na siku zote zikisomeka, ili kila mwenye birika ajue Profesa hayupo chumbani saa ngapi.

Jumatatu saa moja kamili alikuwa maabara, shati limegeuzwa nje ndani. Takwimu akatazamwa sura, mara mbili, kwa kuwa mwalimu hakuamini. Huku nyuma wenye vitu walikuwa wanabeba vyao kwa zamu, bila kusukumana. Jioni, jua halijazama, akaingia kantini na madaftari tisa kwapani.

"Dada, wastani ni nini?"

"Mimi napika," mpishi akamjibu. "Muulize yule."

Yule alikuwa binti wa muuza maziwa, meza ya pili. Akaja, akamchorea, akamfafanulia pole pole kama anayemlisha mtoto. "Umeelewa, kaka?"

Profesa akaitikia kwa kichwa. Kichwa kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Mpishi akaiwahi sahani, akaivuta kabla kidevu hakijafika, na Profesa akalala palepale, kalamu zote tatu mfukoni.