Viwavi Wamenitii

Jumanne, 12 Novemba
Balaa. Viwavi wamevamia muhogo wangu. Wanene kama kidole gumba, wa kijani, wa kahawia, hata weusi, kila mmoja na kipembe mkiani. Ukitega sikio unawasikia wakitafuna. Na mimi nilimwapia mama mkwe, Ña Ceferina: muhogo ukinishinda, nahamia Tobatí kufyatua matofali kwenye tanuru lake. Yule mama hasahau kiapo. Mke wangu Zunilda anasema tuazime bata wa jirani, Mzee Eulogio. Bata wa Eulogio! Heri matofali.

Alhamisi, 14 Novemba
Jana jioni nilijaza ndoo mbili za viwavi, nikawamwaga ng'ambo ya ua, kwa Eulogio. Leo kaja kunishukuru. Bata wameshiba hata kutembea hawawezi. Akauliza kama wamebaki wengine.

Nimebadili mbinu. Bibi anayeombea mashamba hutaka alipwe kuku. Kuku wa nini, na mdomo ninao? Nimezunguka shamba na tawi mkononi, nikawataja watakatifu wote ninaowajua. Wawili niliwarudia.

Jumapili, 17 Novemba
Wametoweka! Hakuna hata mmoja. Nimekaa mtaroni nikalia kwa raha. Eulogio alikuja tunywe tereré, chai yetu ya baridi, nikamsimulia, akapaliwa. "Perfecto, mwanangu, hawajaenda popote. Umewakanyaga hapo. Chimbua uone."

Nikachimbua, kumridhisha tu. Vitu vya kahawia, vinang'aa kama viatu vya padri. Havina mdomo wala miguu. Nikamuuliza vitakulaje muhogo. Akasema nimwachie kuku wake wapekuepekue. Wivu huo. Nimevifukia vizuri, nikashindilia kwa kisigino.

Jumanne, 3 Desemba
Muhogo umechipua upya, Mungu mkubwa. Na jioni tumepata wageni: nondo wa kijivu, mabawa ya nyuma rangi ya chungwa yenye ukingo mweusi, wanaelea mbele ya maua wakinyonya bila kutua. Zunilda kataka kuzima taa. Nimemkataza, mgeni njoo mwenyeji apone. Eulogio katundika taa yake juu ya beseni la maji ya sabuni, anawazamisha. Roho mbaya haina dawa.

Jumapili, 8 Desemba
Sikukuu ya Bikira wa Caacupé. Ña Ceferina alitoka kanisani moja kwa moja hadi shambani. Akapekua majani yote, nami jasho linanitoka. Kiwavi hakuna! Nilishusha pumzi ya wiki nne. Akageuza jani moja, kuna vishanga vidogo vya kijani, akauliza ni nini. Nikamwambia ni umande, umeganda. Kisha, kwa furaha, nikaapa upya: akionekana kiwavi mmoja kabla ya Krismasi, nakwenda Tobatí kwa miguu.

Hakubisha. Aliuliza tu mkono wangu unavaa glavu saizi gani. Ni zawadi ya Krismasi, naona. Mama wa watu amelainika.