Njia ya Kufikia Njia

Kurugenzi ya Miteremko ina furaha isiyo na mipaka kuutangazia umma kwamba njia za baiskeli za milimani, kilomita kumi na nne kutoka katikati ya jiji, sasa ni mali ya kila mkazi, awe wa ghorofani au wa uchochoroni, alimradi amefika na gari.

Sharti la gari si ubaguzi. Ni suala la kitaalamu. Tiketi ya kuingilia hutolewa na mashine ya maegesho, na mashine ya maegesho husoma namba ya gari. Mtu hana namba. Nayasema haya nikiwa katibu wa Kurugenzi, niliyehudhuria vikao vyote na kula biskuti za vikao vyote.

Aliyeanza kutuchosha ni Mama Spoki, fundi baiskeli wa nyuma ya kituo cha mabasi. Alikuja ofisini Jumatatu, grisi hadi kwenye viwiko, akakalia kiti cha wageni ambacho hatukukikusudia kwa wageni.

"Mkuu," alimwambia Mkurugenzi, "nimekuja kuhusu kazi ya mtunza njia. Tangazo linasema Jumamosi, atakayemaliza njia ndefu wa kwanza ndiye ataajiriwa. Banda langu mmelibomoa. Hii kazi naitaka."

"Karibu sana. Ushindani uko wazi."

"Nafikaje?"

"Kwa gari."

"Sina gari. Nina baiskeli."

"Panda basi."

"Kondakta anasema chombo cha usafiri hakipandi chombo kingine."

"Ifungue vipande."

"Nilifungua. Akasema sasa ni vipuri, nionyeshe leseni ya biashara."

"Si uiendeshe tu mpaka huko, mama?"

"Barabara kuu baiskeli ni marufuku. Bango mmeliweka nyinyi. Tarehe tisa Februari mwaka juzi, siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana."

Mama huyu ana kumbukumbu isiyo ya kiungwana. Akaendelea bila kuombwa:

"Hizo njia nimezichimba mimi na wenzangu sita. Miezi kumi na moja. Kila asubuhi mlitupakia kwenye lori, mtu na sururu yake, na hakuna aliyetuuliza tutafikaje. Siku za kuchimba usafiri ulikuwepo. Siku za kuendesha haupo?"

Swali lilikuwa zito, kwa hiyo tukaliundia kamati. Kamati ya Njia ya Kufikia Njia ilikaa kutwa nzima, ikatoa ripoti ya kurasa sitini na nne. Pendekezo kuu: asiye na gari apate gari. Lakini Mkurugenzi ni msikivu. Akaniagiza niandike kanuni inayoeleza gari ni nini, asije mtu akasema hakuambiwa. Nikanakili tafsiri kutoka kwenye sheria ndogo za zamani za masoko, kwa sababu zilikuwa zimechapwa vizuri: "Gari ni chombo chochote chenye magurudumu, kinachoendeshwa kwa injini, mnyama au binadamu." Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama inavyompasa mtu mwenye majukumu. Tukaibandika ukutani.

Jumatano Mama Spoki akaisoma, kidole kikifuata mstari.

"Katibu, kwa hiyo baiskeli ni gari?"

Nikaenda kumuuliza Mkurugenzi. Akafikiri sana. "Baiskeli ndiyo inayopelekwa," akasema. "Kitu hakiwezi kujipeleka chenyewe."

Nikarudi na jibu hilo. Niliona lina kina.

"Na mkokoteni?" akauliza.

Magurudumu unayo. Binadamu anausukuma. Na barabara kuu unaruhusiwa, maana bila mikokoteni soko halipati vitunguu. "Mkokoteni ni gari," nikamjibu.

"Basi nipe namba. Saba."

Nikagonga muhuri mara saba. Muhuri mpya una raha yake.

Hapa yafaa nieleze jambo la kiutawala. Kazi ya mtunza njia tayari ilikuwa na mtu: mpwa wa Mkurugenzi, mwenye baiskeli mpya ambayo kiti chake bado kilikuwa na plastiki. Mashindano tuliyaweka kwa ajili ya uwazi. Na Wizara ilikuwa imetuandikia kwa ukali: barua ya ajira isiposainiwa ndani ya uzio wa njia kabla ya saa sita mchana Jumamosi hiyo, Kurugenzi ivunjwe na samani zake zigawanywe.

Jumamosi saa tatu na nusu tukafika getini: Mkurugenzi na mpwa wake nyuma, mimi mbele kando ya dereva na mkoba wa muhuri, baiskeli juu ya paa la gari. Mlinzi akatoka kibandani bila haraka.

"Shikamoo, mkuu. Pamejaa."

"Pamejaa nini?"

"Magari."

Tukachungulia. Maegesho yana nafasi saba, kwa kuwa rangi ya kuchorea mistari iliishia ya saba. Katika kila nafasi ulikaa mkokoteni, umenyooka katikati ya mistari, tiketi imebanwa kwenye mpini. Wenyewe, Mama Spoki na wenzake sita, walikuwa wamesukuma tangu kabla ya jua, na sasa walishusha baiskeli zao wakijaza matairi upepo.

"Toa hayo matakataka!"

"Yana tiketi, mkuu. Namba kagonga katibu wako."

Mkurugenzi akanigeukia. Mimi nikawa naukagua mkoba.

Akashuka kubishana ana kwa ana, nami nikashuka kuandika mabishano. Hapo trafiki akafika na kumwamuru dereva asogee, maana kusimama barabara kuu ni kosa. Dereva akaeleza kuwa hili ni gari la Mkurugenzi. Trafiki akaeleza kuwa Mkurugenzi hayumo. Gari likaondoka, mpwa ndani, baiskeli juu. Barabara ina ukuta katikati na pa kugeuzia ni mbali. Mpwa tulimwona mara ya mwisho uso umebandikwa kwenye kioo.

"Haya, fungua niingie kwa miguu," akasema Mkurugenzi.

"Miguu haina tiketi, mkuu. Namba ya gari?"

Saa nne mbio zikaanza bila sisi. Saa tano na dakika ishirini Mama Spoki akatokea kwenye mteremko, tope hadi kwenye nyusi, wa pili wake haonekani hata kwa mbali. Akaja moja kwa moja getini.

"Nimemaliza. Nisainie."

"Kusaini ni ndani ya uzio," nikamkumbusha.

"Sasa mbona hamuingii?"

"Hawana gari," akasema mlinzi.

Mama Spoki alicheka mpaka akaushika uzio. "Panda basi, mkuu! Labda kondakta atakufungua vipande."

Mkurugenzi akatazama saa. Nadhani aliziona samani zikitoka mlangoni. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini: "Mama yangu, naomba unisaidie mkokoteni."

Akauleta. Mkurugenzi akapanda, magoti kifuani. Mlinzi akanyanyua mkono.

"Huo hauna leseni ya abiria. Ni wa mizigo tu."

"Andika mzigo!" akafoka Mkurugenzi.

Fomu ya mzigo ina maswali mengi. Uzito tuliukadiria. Je, unaharibika haraka? Mama Spoki alisema hapana, uko vilevile miaka yote. Kisha akausukuma ndani, nami nikabaki nje nikipitisha muhuri kwenye tundu la uzio. Barua ya ajira ilisainiwa saa sita kasoro dakika saba.

Kazi ya kwanza ya mtunza njia mpya ilikuwa kujaza sehemu ya mpokeaji: hali ya mzigo ulipofika. Jalada ninalo. Ameandika kwa mwandiko safi: "Umefika mzima. Hakuna aliyeuagiza."