Mlango Usiopitisha Ukucha

Jumatatu, 3 Machi

Mlango umekwisha leo. Nimeusimamisha uani, nikauzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Hauna kasoro. Nimeugonga katikati, ukaitika kama ngoma. Mbao zake zilikaa darini juu ya jiko tangu marehemu mke wangu yu hai. Zimekauka hadi zinalia.

Nayaandika haya ili baadaye mtu asije akasema hivi na vile. Shule niliiacha darasa la pili. Si kwa ujinga. Mwalimu alikuwa amekwisha kuniambia yote aliyoyajua.

Binti yangu anakaribia kujifungua, huko kwa mumewe, mbali, siku mbili kwa basi. Chumba atakacholala na mtoto kina pazia tu. Mkwe wangu alipiga simu kusema nisihangaike, yuko fundi mtaani kwao. Nikamwambia mjukuu wangu hatafungiwa mlango na mtu nisiyemjua. Akanyamaza. Nina dawa ya kunyamazisha watu.

Mpango wangu ni huu, nauweka hapa tu. Natia mlango. Wanauona. Wanauliza, baba, kwa nini urudi kule ukakae peke yako? Nakataa mara moja, kwa heshima. Wananisihi. Nakubali. Nyumba hii imekuwa kimya mno siku hizi. Si kwamba nalalamika.

Jumanne, 4 Machi

Ugomvi na kondakta. Alitaka kuulaza mlango chini ya magunia. Nikamwambia utakwenda juu, umefunikwa turubai, na chini yake blanketi langu, la sivyo nitausafirisha nikiwa nimeukalia. Akaniuliza kama nimeuoa. Basi zima likacheka. Nimemsamehe, mtoto wa watu. Mlango umepanda juu.

Tumeteremka milima mchana. Kila basi linaposimama, watu wamebadilika. Kwetu chai huja na sukari yake ndani. Mpishi anajua utamu kukushinda wewe. Kituo cha kwanza sukari ililetwa kando, kila mtu na kijiko chake, kama wodini. Kwetu ukiuliza njia unaambiwa panda, shuka. Huku ni tambarare, hawana pa kupanda wala kushuka, basi wanakuonyesha kwa kidevu. Kwetu mtu hupiga hodi huku ameshaingia. Hawa wanapiga hodi, wanasimama nje, wanangoja, na mwenye nyumba naye anamaliza kwanza anachokifanya. Sijui mvua ikinyesha inakuwaje.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala nyumba ya wageni. Sijapata kuona uvivu kama wa watu wa tambarare. Shati nililofua jana bado bichi. Chumvi ya mezani imeshikana kama jiwe, na ndani yake wameacha punje za mchele. Hata kuchambua chumvi hawajui. Kiberiti wamekifungia kwenye chupa yenye kifuniko, bila shaka wana wezi wa viberiti. Biskuti zao zinapinda bila kuvunjika. Nimempa mama wa nyumba ya wageni nasaha juu ya yote haya. Akasema asante baba, akaniongezea chai. Sukari kando.

Aibu kubwa ni milango. Mlango wa chumba changu ulikuwa na uwazi wa kidole kizima, juu, chini na ubavuni. Paka aliingiza mkono akanisalimia. Kwetu fundi wa mlango kama ule angehama mji. Nikamwuliza mama ni nani aliyemfanyia hivi. Akasema milango yote ya huku ndivyo ilivyo. Akaugusa wangu pale ukumbini, akauliza kama naupeleka mbele zaidi, na kama nimewauliza wenyeji. Nikamwambia wenyeji ndio watakaoniuliza mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika. Binti yangu amekuwa kama mtungi, anatembea kwa kushika ukuta. Akanikumbatia, akacheka, akasema, baba, kumbe umekuja na mlango kweli. Nikageuka kufungua turubai, macho yananiwasha. Vumbi la safari.

Mama wa mkwe wangu, ambaye humu ndani wote humwita Bi Mkubwa, alinipokea kwa heshima zote, jicho moja likiwa kwenye mlango. Akasema fundi wao ameshapima, anaanza kesho. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Mwembamba, mpole, jino la mbele hana. Nimempa jina la Fundi Pengo, kwa jino na kwa kazi, maana milango yote ya mtaa huu ni yake, na kila mmoja una ule uwazi wa kidole.

Jioni nilimwendea. Nikamwambia wenye nyumba wamebadili mawazo, mlango utangoja hadi mtoto azaliwe. Uongo mdogo, wa kifamilia. Akasema sawa mzee, hakuna shida. Kisha akavuka kuja kuutazama wangu. Akaupapasa ukingoni kwa kidole gumba, akakaa na kidole chake pale. Akauliza mbao zilikaushwa wapi. Nikasema, mahali ambapo chumvi humwagika. Akasema kazi ni safi sana, lakini angekuwa yeye angeuacha ukae tu ukutani hadi mvua zianze, unywe maji ya huku, ndipo aurande. Mlango unywe maji. Nikamwuliza kama yake huilisha pia.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi hakutokea, nimeutia wangu. Unafungukia ndani, kama kwetu, na bawaba ziko ndani, mwizi asizione. Milango ya huku hufungukia nje. Mtu akitoka anampiga jirani. Kazi imenichukua kutwa. Ukiufunga unasema puf, kama mtu anayezima mshumaa. Nilijaribu kupitisha ukucha kati ya mlango na mwimo. Haukupita. Nikamwita Bi Mkubwa ajaribu wake, na ana kucha ndefu. Haukupita.

Akaufungua, akaufunga, akasema ni mzito. Nikamwambia hata dhahabu ni nzito. Mkwe wangu akarudi kutoka kinuni, mweupe kwa unga hadi kope, akasema, baba, huu mlango. Hakumalizia. Furaha humziba mtu.

Binti amehamia chumbani. Bado hakuna aliyeniambia nisirudi nyumbani. Wanatafuta maneno.

Kuna mawingu. Fundi Pengo amesimama mbele ya karakana yake. Anayatazama, kisha ananitazama mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Si kama ya kwetu, inayopiga ikaenda zake. Hii imekuja na godoro.

Mlango unaizoea nyumba. Asubuhi ulisugua kidogo chini. Mchana Bi Mkubwa alipeleka maziwa, ikabidi atumie nyonga. Akaniuliza kama umefanywa hivyo makusudi. Nikasema ndiyo.

Dawa naijua. Randa, mikupuo michache, basi. Lakini ili niurande sharti niung'oe, niutoe barazani kwenye mwanga, na ng'ambo yupo yule mtu. Angekuwa wa kucheka ningemmudu. Huyu hatacheka. Atavuka kuja kunishikia upande wa pili.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Mlango usiofunguliwa hauonekani kuwa mgumu. Nimemshauri binti ajifungie apumzike, baridi ni mbaya kwa hali yake. Akasema, baba, hakuna baridi, kuna joto. Nikasema hii ni baridi ya chinichini, haisikiki. Akacheka, akatii. Jioni niliuvuta mwenyewe kwa mikono miwili. Haukusema puf. Ulisema gu.

Mkwe wangu yuko zamu kinuni, harudi hadi kesho mchana.

Jumapili, 9 Machi



Asubuhi binti aliita kwamba uchungu umeanza. Bi Mkubwa akauendea mlango, akasukuma. Nikasukuma mimi. Tukasukuma wote wawili, bega kwa bega, wakwe, jambo lisilo na adabu. Haukutikisika.

Teksi aliyoiita Bi Mkubwa ilikuwa imeshafika, dereva anapiga honi. Dirisha lina nondo. Bawaba ziko ndani, na aliye ndani hawezi kuinama, sembuse kushika bisibisi. Nilipaka sabuni. Nilipaka nta. Nikachukua nyundo, nikapiga pigo moja, na binti akasema kutoka ndani, taratibu kabisa, baba usipige, unanitisha. Sauti ile ile ya utotoni. Nikaiweka nyundo chini.

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kujibu. Alisema tu, mkwe wangu, nenda kamwite. Nikasema anipe dakika, nina njia nyingine. Sikuwa nayo. Binti akatoa kilio ambacho sijakisikia tangu siku mama yake alipomzaa yeye.

Nilivuka barabara kwa mwendo wa heshima. Sawa, nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki topeni.

Fundi Pengo hakuuliza kitu. Keekee ya kutobolea na msumeno vilikuwa tayari mezani, nadhani tangu jana. Alitafuta pa kuingizia msumeno ubavuni mwa mlango, akakosa. Hata bapa la kisu halikupita, na hapo, katikati ya yote yale, moyo wangu ulijivuna kidogo. Akatoboa tundu juu, akaanza kuupasua mlango wangu katikati, kutoka juu kwenda chini. Akaniambia shika upande huo mzee. Nikashika.

Huku akikata alimsemesha binti. Amtajie jina atakalompa mtoto. Asogee ukutani, mama, vumbi lisimwingie machoni. Uchungu ulipompanda binti, fundi alinyamaza, lakini msumeno haukunyamaza. Bi Mkubwa alikuwa amepiga magoti, mdomo kwenye tundu la ufunguo, anamwambia pumua mwanangu, pumua, usisukume bado. Nilikata tamaa pale msumeno ulipokwama kwenye ubao wa katikati. Ubao mgumu ule, niliuchagua mwenyewe. Akaupindisha, akaupata tena.

Nusu yenye bawaba ikaachia. Binti akatoka kiubavu, jasho linamtiririka, akanishika bega, akanitazama chini, akasema, baba, kiatu chako. Bi Mkubwa akamdaka. Teksi ikaondoka.

Nikabaki nimekaa chini kati ya nusu mbili. Fundi Pengo akakaa nami. Nilitaka aseme neno, ili nimchukie. Akaanza kukusanya vumbi la mbao kwa kiganja. Simu ilipolia nilishindwa kubonyeza, akanibonyezea. Walifika getini pa hospitali, kitandani hawakufika. Mvulana. Mzima, na mama yake mzima.

Nikafuta uso. Nikamwuliza fundi kama katika maisha yake amewahi kukutana na mlango mgumu namna ile. Akafikiri, akasema hapana mzee, sijawahi. Kakiri mwenyewe. Kisha akaenda kunitafutia kiatu.

Jumanne, 11 Machi

Wamerudi. Mtoto ana paji langu la uso, wote wanakana.

Fundi Pengo ametia mlango wake. Unafungukia nje, uwazi wa kidole kila upande. Umekaa kama kaptura kwa mtu aliyekonda. Mkwe wangu anausifu.

Bi Mkubwa amesema mbele ya wote kwamba nikitaka naweza kukaa nao siku zote, chumba cha uani ni changu, ila kwa sharti moja, vifaa vyangu vyote vya kazi anaviweka yeye chini ya kitanda chake. Nikakataa mara moja, kwa heshima. Hakuna aliyenisihi. Nikakubali haraka.

Nusu mbili za mlango wangu nimezipandisha juu ya jiko zikauke.

Alhamisi, 13 Machi

Upepo ulikuwa unapita kwenye uwazi ule na kumpiga mjukuu wangu kisogoni, na humu ndani hakuna aliyejali. Jana walipompeleka kupimwa uzito, nilipasua kwa panga la jikoni vipande vyembamba kutoka mbao zangu, kavu kabisa, nikavigongomea kwenye miimo, pande zote, juu hadi chini. Sharti sikuvunja. Bi Mkubwa alisema vifaa vyangu. Nyundo niliazima kwa Fundi Pengo, nikamwambia ni ya kuvunjia kuni. Sasa ukucha haupiti.

Leo mvua imerudi, na godoro lake. Binti yuko jikoni. Mtoto yuko mapajani mwangu, amelala, naandika kwa mkono mmoja. Bi Mkubwa aliingia chumbani kukunja nepi, akauvuta mlango. Ukasema gu.

Ananiita. Anagonga kutoka ndani kwa ngumi zote mbili, na anataja jina langu kamili pamoja na la baba yangu. Ameiona kazi. Nimemwambia mtoto asikilize jinsi babu yake anavyosifiwa. Ng'ambo, Fundi Pengo ameinua kichwa. Ameanza kuvuka barabara. Mwache aje ajifunze.