Sabuni Zinazotaga

Jumatatu, 4 Mei
Mkuu wa idara katuita, mimi na mwalimu mwenzangu, yule ninayemwita Tai Nyekundu. Kuanzia wiki ijayo somo la Kiingereza cha Ujasiriamali litabaki na mwalimu mmoja. Ijumaa wanafunzi wetu watanadi biashara zao kwa Kiingereza mbele ya majaji. Darasa likishindwa, mwalimu wake anahamia maktaba. Maktaba! Kugonga mihuri! Tai Nyekundu akatabasamu. Bwana huyo nadhani hulala na tai yake shingoni. Kumshinda ni kumsukuma mlevi.

Jumanne, 5 Mei
Nimewasikiliza wanangu. Aibu tupu! Bingwa, wa kiti cha nyuma, anauza sabuni kama anayeomba msamaha. Binti mmoja anataka kukodisha majoho ya mahafali. Kila sentensi anameza mate. Biashara hawaijui kabisa. Mimi pia sijawahi kuuza hata kiberiti, lakini mimi ni mwalimu. Nasikia Tai Nyekundu kawapeleka wake langoni wauze kweli, kwa Kiingereza, kwa wapita njia. Ushamba!

Jumatano, 6 Mei
Nimeandika hotuba ya mfano. Imeiva! Ni ya mfugaji wa kuku waliochanjwa kideri: mume mwenye subira, kipara cha busara, mke asiyeamini ndoto zake. Nikamsomea mama watoto akishona. Akauliza hao kuku wako wapi. Nikamwambia Kiingereza hakihitaji kuku. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Wivu.

Darasani nimeagiza wakariri neno kwa neno, wabadilishe jina la bidhaa tu. Binti wa majoho akaomba atumie maneno yake mwenyewe. Nikamwambia hayo maneno yake ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ijumaa, 8 Mei
Sitaki kuandika. Naandika.

Bingwa alipanda kifua mbele. Akatangaza kwamba sabuni zake hutaga kila asubuhi na hupenda pumba. Jaji akamuuliza bei. Bingwa akaanza hotuba upya, tangu salamu! Kisha binti wa majoho, mtoto wa juzi tu, akawaeleza majaji kuhusu kipara chake. Majoho yake yote yamechanjwa kideri. Mkewe haamini ndoto zake. Jaji mmoja alitolewa nje akishika mbavu.

Wa Tai Nyekundu walibomoa Kiingereza vipande vipande. Ila majaji waliondoka na mifuko yao ya karanga na viatu vilivyong'arishwa. Hiyo nayo elimu?

Nje nilimkuta binti analia. Alisema maneno yake alikuwa nayo, yote, tayari. Nikajibu kwamba kosa lake ni kutamka kipara bila hisia. Akaondoka bila kuaga. Adabu hakuna siku hizi.

Jumatatu, 11 Mei
Maktaba. Muhuri umekauka, kiti kinayumba. Tai Nyekundu kapita dirishani akanipungia mkono, mnafiki mkubwa.

Lakini nimegundua jambo: wasomaji hawa hata kuomba kitabu hawajui! Wanasimama, wanaguna, wananyoosha kidole. Nimewaandikia ombi la mfano na kulibandika mlangoni. Asiyelikariri neno kwa neno hapati kitabu.

Linaanza hivi: Mimi, mume mwenye subira na kipara cha busara.